Kabla ya Kufunga Sanduku

Muhula wa tatu ni mfupi na hauna subira. Likizo ya Agosti ikiisha tu, zinabaki wiki tisa hivi, na kabla hujamaliza deni la karo ya muhula wa pili watahiniwa wameshaketi: gredi ya sita na KPSEA yao, gredi ya tisa na KJSEA iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2025, kidato cha nne na KCSE. Kila nyumba yenye mtahiniwa ina hofu yake. Na penye hofu, wauza dawa hawakosi kufika, siku hizi wanakuja kwa simu.

Nafundisha shule ya upili ya kutwa, na nina mtahiniwa wangu nyumbani, kwa hiyo mkutano wa wazazi wa Agosti huwa nauhudhuria pande zote mbili za meza. Swali ni lile lile kila mwaka: simu nimwachie au nimnyang'anye? Mimi swali hilo naliona dogo. Mtoto asiye na simu ana ya rafiki, ana ya binamu, ana saiba ya pale sokoni. Jiulize jingine: akitishwa na mtu huko mtandaoni saa sita usiku, ataamka aje kwako, au atamlipa anayemtisha? Yote nitakayoandika hapa yanazunguka jambo hilo.

Anza na simu yako wewe

Siku ya kufungua shule pita kituo chochote cha magari. Mtoto amesimamishwa kando ya sanduku la bati lililoandikwa jina lake lote kwa rangi nyeupe, amevaa sweta yenye nembo ya shule, ndoo mkononi, na mama anarudi nyuma hatua mbili ili picha imtoshe. Dakika haijapita, picha iko kwenye status: Mungu akutangulie, kandideti wangu. Sasa hesabu ulichokigawa. Jina limo kwenye sanduku, shule imo kwenye nembo, darasa umelitaja mwenyewe, na nambari ya mzazi ni hiyo hiyo iliyobeba status.

Mwaka juzi nilipigiwa simu nikiwa ofisini. Mwanamume mwenye sauti ya upole, nyuma yake kelele kama za korido. "Mzazi, mimi ni mwalimu wa zamu. Mwanao ameanguka, mguu umevunjika, tuko hospitali, daktari anataka elfu saba kabla hajampeleka kupigwa picha." Alimtaja mwanangu kwa majina mawili na shule hakuikosea. Mkono ulikuwa umeshafungua M-Pesa. Kilichoniokoa ni umaskini: nilikuwa na shilingi mia nane. Nikampigia mwalimu wake wa darasa nimwombe anitolee, nitamrudishia jioni. Akashangaa. "Mwalimu, mtoto yuko hapa mbele yangu, anachora ramani."

Kwa hiyo, kabla ya siku ya kufungua, weka kwenye simu nambari tatu ulizozipata shuleni kwenyewe: ya mwalimu wa darasa, ya naibu wa mwalimu mkuu, ya matroni kama ni shule ya bweni. Ukipigiwa na mtu anayetaka pesa kwa jina la mtoto, kata, kisha wewe ndiye upige. Akikwambia usikate, maana daktari anasubiri, hapo ndipo ukate upesi zaidi. Kama umeshatuma, isambaze meseji yote ya M-Pesa kwenda 456 mara hiyo hiyo kuomba irejeshwe. Ukichelewa atakuwa ameshazitoa kwa wakala. Nambari ya tapeli itume kwa 333, ni bure.

Picha piga, nani atakukataza? Lakini itume kwa bibi yake na kwa shangazi, na uikate pale kifuani kabla nembo haijaonekana. Usisahau kwamba na shule nayo ina mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla habari za mtoto hazijatumiwa, na picha yake ni habari zake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja jijini Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila wazazi kukubali. Fomu ya idhini ukipewa isome. Una haki ya kukataa.

Karatasi zinazouzwa usiku

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watoto wetu wanapomalizia pesa na usingizi.

Mitihani inapokaribia, Telegram hujaa chaneli zenye nembo ya Baraza la Mitihani iliyonakiliwa na jina lililotungwa lifanane na la ofisi. Wanauza karatasi ya KCSE moja moja, au furushi la masomo yote kwa bei iliyopunguzwa, kama nyanya za jioni. Ukimwambia mtoto kwamba ni za uongo, hakuamini, kwa sababu ushahidi ameuona kwa macho yake: karatasi iliyofanywa leo asubuhi imo kwenye chaneli, na saa iliyoandikwa pale ni ya jana usiku.

Basi mwaka jana nikaacha kuhubiri. Nilifungua chaneli yangu isiyo na mfuasi hata mmoja. Jumapili usiku nikaweka picha ya jiko langu, sufuria na yote. Jumatatu nikawapa darasa jaribio la kemia, nikakusanya karatasi, kisha nikarudi kwenye ujumbe ule ule wa Jumapili, nikatoa picha ya jiko nikaweka picha ya jaribio. Nikapitisha simu dawati kwa dawati. Kelele zilizozuka! "Mwalimu, uliiweka jana saa tatu na dakika kumi! Tungejua!" Nikawaacha wapige hesabu ya alama walizokosa. Halafu nikawaonyesha kaneno kadogo kando ya saa, kanakosema ujumbe umehaririwa. Telegram inamruhusu mwenye chaneli kubadilisha alichokiweka, picha kwa picha, na saa haibadiliki. Darasa likanyamaza. Kijana mmoja aliinamisha kichwa kuliko wenzake, nami sikumuuliza alikuwa amelipa ngapi.

Mzazi anaweza kuufanya mchezo huo mezani na mtoto wake, hauhitaji ualimu. Utachukua dakika tano na utafanya kazi kuliko mawaidha ya mwezi mzima.

Ongeza na maelezo ya jinsi karatasi zinavyolindwa, maana mtoto mwenye akili atauliza. Siwezi kumwambia mtu kwamba mitihani ya Kenya haijawahi kuibwa. Ule wa 2015 uliibwa kiasi kwamba Machi 2016 waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliivunja bodi ya baraza linaloisimamia. Mwaka huo huo yakaletwa makontena yenye kufuli mbili, funguo kwa maofisa wawili tofauti, polisi mlangoni. Tangu 2023 karatasi huchukuliwa mara mbili kwa siku: za asubuhi alfajiri, za alasiri mchana. Sasa yule anayeuza Jumapili usiku karatasi ya Jumatatu alasiri, ameitoa wapi?

Kinachouma zaidi huja baada ya kulipa. Mtoto ametuma mia tano, anaambiwa kuna ada ya kufungulia faili. Anatuma tena. Akisita, lugha inabadilika: nina nambari yako, nina jina lako, nitakupeleka kwa Baraza matokeo yako yafutwe. Jina lenyewe si lake. Laini nyingi za wanafunzi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi, kwa hiyo anayeonekana amenunua mtihani ni wewe, mama wa watu, uliyekuwa umelala. Na Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 haina mzaha na anayepata karatasi isivyo halali na kutoa yaliyomo: kifungo hadi miaka 10, au faini hadi shilingi milioni 2, au vyote viwili. Ukiwa na Safaricom, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani ikafungwe.

Mwambie mtoto mambo mawili tu, asisahau. Nambari yake ya mtihani asimpe mtu yeyote mtandaoni, hata anayejiita ofisa. Na kama ameshalipa, aseme leo, kwa sababu anayemtisha naye ni mhalifu na hana ofisi ya kwenda kumshtaki.

Hadithi haiishi na karatasi ya mwisho. Baada ya matokeo huja wanaouza nafasi katika shule za upili pevu: tuma kiasi fulani, mwanao tutambadilishia shule. Wenye hofu safari hii ni wazazi, na ndio wanaolipa. Nafasi hubadilishwa kupitia shule na mtandao rasmi wa Wizara ya Elimu. Anayekutaka utume kwa nambari yake binafsi ana njaa yake binafsi.

Picha ya faragha

Sehemu hii wazazi wengi huiruka, na wanaoiruka zaidi ni wenye watoto wa kiume. Huko nje, matapeli wa picha za utupu wanaotaka pesa hulenga sana wavulana wa miaka kumi na minne hadi kumi na saba.

Mwendo wao haubadiliki sana. Msichana mrembo asiyefahamika anamfuata kijana kwenye Instagram au Facebook. Siku ya kwanza salamu, siku ya pili anataka wahamie WhatsApp, siku ya tatu anapiga simu ya video gizani, anatuma picha, kisha anaomba ya kijana. Msichana hayupo, kuna mtu anayecheza video ya mwingine huku akirekodi. Dakika kumi baadaye kijana anatumiwa orodha: huyu mama yako, huyu mwalimu wako, huyu mchungaji. Tuma elfu tatu au wote wapokee. Akituma elfu tatu ataambiwa elfu tano.

Mtoto akikujia na habari hii, fanya hivi. Kwanza funga mdomo, na mkono. Atakuwa anatetemeka, mpe maji. Usilipe hata shilingi, maana malipo ya kwanza ndiyo yanayomwambia tapeli kwamba huyu hulipa. Usifute kitu: piga picha za skrini za mazungumzo, nambari, jina la akaunti na nambari ya M-Pesa aliyotoa. Kisha ndipo umzuie na kuiripoti akaunti yake ndani ya programu yenyewe.

Kuna huduma iitwayo Take It Down, ya bure, ya shirika la NCMEC la Marekani, inayotumika hata huku. Ni kwa picha ya utupu ya mtu aliyepigwa akiwa chini ya miaka 18. Mtoto anaichagua picha kwenye simu yake, na kifaa chenyewe kinatengeneza alama ya tarakimu kama alama ya kidole. Picha haiondoki kwenye simu, inayotumwa ni alama tu, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok ikiwemo, huitumia kuitambua picha hiyo na kuiondoa. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki, kwa hiyo usimwahidi mtoto muujiza. Lakini nimeona kijana akipumua kwa kujua tu kwamba kuna kitu anaweza kukifanya.

Halafu ripoti. Piga 116, laini ya Childline Kenya, bure, usiku na mchana. Mtoto anaweza kupiga mwenyewe bila wewe kujua, na hilo si la kukuudhi. DCI wana 0800 722 203, nayo ni bure, na wana kitengo chao cha kuwalinda watoto. Ukienda kituo cha polisi cha mtaani, nenda na zile picha za skrini zimechapishwa, mchana, ukaulize dawati la watoto. Na kama tapeli ni mtu mnayemfahamu, hasa kama ni mtu mzima wa shule, usikubali kuitwa mkazungumze kifamilia.

Zungumza na mwanao pia kuhusu upande ule mwingine, wa anayesambaza. Picha ya msichana wa darasa jingine ikiingia kwenye kikundi, kila anayeipeleka mbele anatenda kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Kusambaza picha ya faragha ya mtu ni hadi miaka 2 au faini ya shilingi 200,000. Na kama aliyemo ni mtoto, sheria hiyo hiyo inafika miaka 25 na milioni 20. Siku hizi picha nyingine si hata za kweli, zimetengenezwa kwa akili bandia kutoka kwenye uso wa mtu aliyevaa sare. Aibu ni ile ile. Afute, atoke kwenye kikundi, amwambie mwalimu.

Mikono kwenye simu, robo saa

Kaeni pamoja, simu yake mkononi mwake, wewe ukielekeza. Kwenye WhatsApp awashe uthibitishaji wa hatua mbili, aweke tarakimu sita ambazo si tarehe yake ya kuzaliwa. Aingie kwenye faragha, aweke kwamba wanaoweza kumwongeza kwenye vikundi ni wale aliowahifadhi tu; hilo peke yake linazuia nusu ya takataka. Aangalie vifaa vilivyounganishwa: mara nyingi utakuta kompyuta ya saiba aliyoitumia Aprili bado inasoma jumbe zake. Aiondoe. Na akitumiwa ujumbe na rafiki kwamba "nimekutumia nambari ya tarakimu sita kimakosa, nirudishie", huyo si rafiki, ni aliyeiba akaunti ya rafiki.

Kwa mtoto wa gredi ya sita anayetumia Android, Family Link ya Google ni ya bure na inafaa: unaweka saa za kulala simu, na programu mpya haingii bila wewe. Kwa wa kidato cha nne sikushauri. Atajua namna ya kuizunguka kabla hujafika jikoni, na utakuwa umemfundisha kukuficha. Yeye mwekee mahali pa simu kulala, sebuleni, na yako ilale hapo hapo, la sivyo usijisumbue.

Pitia pia taarifa yako ya M-Pesa, *334#. Tafuta vijimalipo vya ishirini ishirini na hamsini hamsini kwenda kampuni za kamari. Ile ndege ya Aviator inayopanda na kutoweka imekula karo za muhula huu huu, na mchezaji mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na sita anayeijua nambari ya siri ya mama kwa sababu ndiye anayetumwa dukani. Ibadilishe leo.

Wa bweni wana lao. Simu zimekatazwa, na hata hivyo kabambe zinaingia, kwenye unga, kwenye sabuni iliyochongwa ndani. Nyingine zimewekwa na mama mwenyewe kwa huruma. Huruma hiyo isimamishe. Simu ya siri humfanya mtoto asiwe na mahali pa kusema akitishwa nayo, maana akifungua mdomo atafukuzwa kwanza kwa kuwa nayo, na wiki chache kabla ya mtihani hilo analijua vizuri kuliko wewe.

Jumapili jioni

Yabaki maneno. Usiyaite kikao, watoto wakisikia kikao hufunga masikio. Yaseme mkipanga sanduku, macho yenu yakiwa kwenye soksi. Mimi wangu nilimwambia hivi: "Kitu kibaya kikikupata kwenye mtandao, hata kama umekitafuta mwenyewe, niambie. Sitakuchapa na simu sitachukua. Tutakizima kwanza, lawama tutagawana baadaye." Akaniuliza, "Hata kama ni usiku?" Nikamwambia hata kama ni usiku. Wiki ya tatu ya Septemba alinijia saa tano usiku na jambo ambalo lilikuwa dogo sana, akaunti bandia yenye jina lake, na nilitaka kusonya. Nikajizuia, nikavaa miwani, tukaripoti pamoja. Alikuwa ananipima.

Kalamu ya wino mzito uliyoandikia jina kwenye ndoo bado iko mezani. Fungua sanduku, upande wa ndani wa kifuniko, pale anapobandika ratiba. Andika 116. Andika nambari yako na ya mtu mzima mwingine anayempenda, kama hataki kuanza na wewe. Kisha mwambie afumbe macho akutajie yako kwa kichwa. Wengi hawaijui, kwenye simu zao imeandikwa tu Mama.